Chotara si GMO, na Loshuu ya Mama Mkwe Isiguswe

Bibi Shamba,

Nimeolewa Momela, upande wa kwenda Ngarenanyuki. Mimi na mume wangu tunalima kabichi katika kipande alichotupa baba mkwe. Maji tunapata ya mfereji, kwa zamu. Msimu uliopita tulipoteza zaidi ya nusu. Viwavi vilitoboa majani yakabaki matundu matupu, na vichwa vilivyopona vikaingia weusi kwenye mishipa, vikaoza na kunuka. Dawa tunapiga kila wiki, na mara nyingine tunachanganya mbili kwenye bomba moja kama jirani alivyotushauri, lakini viwavi ndiyo kwanza vinazidi.

Sasa mume wangu anataka tupande mbegu chotara. Nilipoleta pakiti nyumbani, shemeji aliona mbegu zimepakwa rangi akasema hizo ni GMO, zinaleta saratani, na ushahidi ni kwamba ukivuna mbegu zake hupati kitu. Akatuonyesha na video kwenye simu. Baba mkwe hakugomba. Alisema tu kwamba mgeni akileta jambo la kisasa huku kwetu, mwulize kwanza anataka kuchukua nini. Tangu siku hiyo pakiti iko juu ya kabati, haijafunguliwa.

Jambo jingine ni mboga ya loshuu. Mama mkwe ana tuta lake refu nyuma ya jiko, na mbegu zake anazitunza mwenyewe tangu kabla sijaolewa. Mume wangu anaona pale pangefaa kitalu cha kabichi, kwa hiyo loshuu ing'olewe. Mimi naona aibu hata kulitamka hilo mbele ya mama. Je, ni kweli chotara ni GMO? Kuna kabichi ya kisayansi isiyoliwa na wadudu, na kama ipo kwa nini hatuletewi? Na loshuu niifanyeje?

Mkamwana, Momela

Mkamwana wetu,

Nianze na pakiti iliyo juu ya kabati, maana naona ndiyo imewanyima usingizi. Mbegu chotara ya kabichi si GMO. Ishushe, uisome vizuri, na kama ina lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, haijapita muda wake na ufungio wake haujaguswa, unaweza kuipanda bila hofu ya saratani. Ile rangi nyekundu au ya buluu ni dawa ya kuzuia ukungu, iliyochanganywa na rangi makusudi ili mtu asije akaidhania chakula. Kwa hiyo zisimwagwe kwa kuku, na mikono ioshwe baada ya kusia. Zaidi ya hapo rangi haina siri yoyote.

Sasa shemeji atauliza: kama si GMO, mbona mbegu zake hazirudiwi? Swali zuri, na jibu lake liko kwenye tabia ya kabichi yenyewe. Ua la kabichi huitambua chavua yake na kuikataa. Linataka chavua ya mmea mwingine, inayoletwa na nyuki. Wataalamu wa mbegu, Wajapani wakiwa mstari wa mbele katikati ya karne iliyopita, waliitumia tabia hiyo. Huchukua ukoo mmoja wa kabichi, wakausafisha vizazi kadhaa hadi mimea yake yote ifanane, kisha ukoo wa pili hivyohivyo. Wakizipanda koo hizo mistari kwa mistari, kila moja ikiikataa chavua yake, nyuki hawana njia ila kuzichanganya. Mbegu inayotoka hapo ndiyo chotara, ile inayoandikwa F1 kwenye pakiti. Mimea yake ina nguvu, na faida kubwa kwa mkulima wa biashara ni kwamba vichwa hukomaa pamoja na kulingana ukubwa, ukaita gari mara moja likajaa. Lakini chotara hao wakizaa, sifa za mababu wote wawili hutawanyika. Utapata kabichi ndefu, fupi, isiyofunga kabisa, na nyingine nzuri. Mbegu inaota, mavuno ndiyo hayatabiriki.

Tena kwa kabichi hoja hiyo karibu haina kazi. Mmea huu hautoi ua mpaka upite majuma kadhaa ya baridi ya chini ya nyuzi 10 hivi, na hata Julai ya Momela, pamoja na ukungu wake wote kutoka mlimani, ni nadra kuyatimiza masharti hayo. Ndiyo sababu hata wale waliolima Copenhagen Market au Prize Drumhead za zamani, ambazo si chotara, walikuwa wakirudi dukani kila msimu. Kwenye kabichi hujawahi kuwa na mbegu ya kwako ambayo chotara imekuja kukunyang'anya. Kwenye loshuu mambo ni tofauti kabisa, na huko tutafika.

Hata hivyo shemeji asidharauliwe, kwani kuna sehemu moja amekaribia ukweli pasipo kujua. Mwaka 1968 Mjapani aitwaye Ogura alikuta figili ambazo maua yake hayatoi chavua. Wazalishaji wa mbegu waliitamani sana sifa hiyo, maana ua lisilo na chavua halina haja ya kuzuiwa lisijichavushe. Wakajaribu kuihamishia kwenye jamii ya kabichi kwa kuzalisha kizazi juu ya kizazi, lakini mimea ikawa inageuka manjano kwenye baridi: sehemu za kijani za figili hazikupatana na kiini cha kabichi. Miaka ya 1980 Wafaransa walitatua jambo hilo maabara. Waliondoa kuta za seli za mimea ya pande zote mbili, wakaziunganisha seli, kisha wakachagua zile zilizobaki na kijani cha kabichi na ile tabia ya figili ya kutotoa chavua. Leo chotara nyingi za kabichi na koliflawa duniani zimepitia njia hiyo. Kisheria Ulaya haizihesabu kuwa GMO, lakini vyama vya kilimo hai vya Ujerumani kama Demeter na Bioland havizikubali. Mimi siioni hatari yoyote kwa mlaji. Ila kama mna ndoto ya kuuza mboga kama mazao ya kilimo hai, muulizeni mnunuzi msimamo wake kabla hamjasia.

GMO ni kitu kingine: jeni hutolewa kwenye kiumbe kimoja na kupandikizwa kwenye kingine maabara, kwa mfano jeni ya bakteria kuwekwa ndani ya mahindi. Hapa kwetu jambo hilo linasimamiwa na kanuni za mwaka 2009 chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004. Mahindi ya namna hiyo yalipandwa kwa majaribio Makutupora, Dodoma, mwaka 2016, na Novemba 2018 serikali ikaamuru majaribio yasimame na mabaki yateketezwe. Hakuna zao la GMO lililoruhusiwa kulimwa kibiashara Tanzania. Mwenye duka la pembejeo Usa River hana mahali pa kuipata kabichi ya GMO hata angetaka, kwani hakuna nchi iliyoiingiza sokoni.

Haina maana kwamba haijajaribiwa. Miaka ya 2000 taasisi za nchi kadhaa, pamoja na Kituo cha Mboga Duniani, kile chenye tawi pale Duluti, ziliungana kutengeneza kabichi na koliflawa zenye jeni mbili za bakteria ili viwavi vikila vife. Lengo lilikuwa wakulima wa Asia na Afrika, na jeni ziliwekwa mbili ili mdudu akizoea moja, ya pili imkamate. Majaribio yakafanyika India. Mwaka 2010 India ikasimamisha biringanya iliyotengenezwa kwa njia ya namna hiyo baada ya mjadala mkali, na mradi wa kabichi nao ukaishia njiani. Hayo ndiyo majibu ya swali lako la kwa nini hamletewi. Imewahi kuwepo kwenye vitalu vya utafiti, siasa na gharama zikaikwamisha, na hata ingekubaliwa huko, sheria yetu ingeisimamisha mpakani.

Kuhusu saratani nitasema kwa kifupi. Vyakula vya GMO vilivyoidhinishwa vimeliwa Marekani na kwingineko tangu miaka ya 1990, na havijathibitika kusababisha saratani. Mwenye kuzipinga GMO ana hoja nzito zaidi za kutumia: nani anamiliki mbegu, nani analipa zikichafua shamba la jirani, nani anaamua. Hizo zijadiliwe. Dawa mnayoipiga kila wiki, mkichanganya mbili kwenye bomba moja, inanitia wasiwasi zaidi kwa afya ya nyumba yenu kuliko mbegu yoyote.

Neno la baba mkwe ni la uzito mwingine. Mkamwana, wewe umeolewa pale. Yeye amezaliwa pale. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa, na sababu iliyotolewa ilikuwa hiyohiyo ya maendeleo: ardhi ile itengwe kwa ufugaji wa kisasa wa walowezi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alikwenda New York kuwasilisha malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa. Mzee aliyekulia katika kumbukumbu hizo akiuliza mgeni anataka kuchukua nini, hajakataa sayansi; ameuliza swali ambalo kila mkulima angepaswa kuuliza mbele ya kaunta ya duka. Mjibuni kwa hesabu. Chotara inachukua fedha yenu ya mbegu kila msimu, milele. Inarudisha vichwa vinavyolingana na, kama mmechagua aina sahihi, ustahimilivu wa ugonjwa fulani. Mkiona kinachorudi ni kidogo kuliko kinachochukuliwa, rudini kwenye aina za kawaida. Hakuna atakayewafukuza.

Tuingie shambani. Viwavi vyako, kama ni vidogo vya kijani, na ukivigusa vinajinyonganyonga na kujiachia chini kwa uzi mwembamba, basi ni watoto wa nondo wa kabichi, yule mwenye alama za almasi mgongoni akikunja mbawa. Mdudu huyu ana sifa mbaya duniani. Mwaka 1953 huko Java, Indonesia, aliripotiwa kuizoea DDT, akawa wa kwanza kati ya wadudu wa mazao kuripotiwa hivyo. Tangu hapo amezizoea dawa nyingi zilizofuata. Kizazi chake kipya hutoka kila baada ya majuma machache, na kila mnapopiga dawa ileile mnaua walio dhaifu na kuwaachia shamba walio sugu. Kuchanganya mbili kwa kubahatisha kunawafunza kuzishinda zote mbili. Kwa hiyo jirani yenu, kwa nia njema kabisa, amewapa ushauri wa hasara.

Na hapa ndipo inapoingia bioteknolojia ambayo hamhitaji kuibishania mezani. Ile bakteria ambayo jeni zake ziliwekwa kwenye kabichi kule India inauzwa madukani ikiwa hai, kama unga wa kuchanganya na maji. Jina lake kamili ni Bacillus thuringiensis. Kwenye vifungashio utaona limefupishwa kuwa Bt. Kiwavi akiila, tumbo lake linaharibika, anaacha kula baada ya saa chache na kufa ndani ya siku mbili tatu. Kwa kuwa hafi papo hapo, wakulima wengi huona dawa haifanyi kazi, wanarudi na ile kali. Vumilieni. Pigeni jioni, kwa sababu jua huiua, na mpige viwavi vikiwa vichanga, mkielekeza bomba chini ya majani vinakojificha. Muulizeni mwenye duka kama bidhaa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Makao yao makuu yako Ngaramtoni, si mbali. Ila msiifanye nayo kuwa dawa ya kila wiki bila kubadilisha, kwani Hawaii mwaka 1990 iliripotiwa kwamba nondo huyuhuyu ameanza kuizoea hata Bt mashambani.

Kuna msaidizi mwingine, wa bure. Mwaka 2001 kituo cha ICIPE cha Nairobi kilimleta kutoka Taiwan nyigu mdogo mwembamba ambaye jike lake hutaga yai ndani ya kiwavi cha nondo wa kabichi. Kiwavi kinaliwa kutoka ndani. Waliachiwa Taita na Limuru mwaka 2002, wakafikishwa pia Tanzania na Uganda. Anapenda miinuko yenye ubaridi, na huko kwenu ni mahali pake hasa. Wachumi waliopiga hesabu za Kenya mwaka 2005 walikadiria kwamba kila shilingi iliyowekwa kwenye mpango ule ingerudisha 24. Tatizo ni kwamba dawa kali za kila wiki humuua yeye kwanza, kiwavi baadaye. Bt haimgusi. Ukiona kwenye majani vifuko vidogo virefu vya kahawia ambavyo si vya nondo, usiviharibu; huyo ni askari wako anajiandaa kutoka.

Weusi kwenye mishipa ni habari nyingine, na hakuna dawa ya bomba inayouponya. Huo ni uozo mweusi. Unaanza pembeni mwa jani kama doa la manjano lenye umbo la V, ncha ikielekea ndani, kisha mishipa inakuwa myeusi. Unaletwa na bakteria wanaosafiri ndani ya mbegu, kwenye miche, kwenye masalia yaliyoachwa shambani na kwa matone ya maji yanayoruka jani hadi jani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzao wa Denmark walichapisha mwaka 2004 jaribio la kuuzuia hapa Tanzania kwa kutumia bakteria rafiki wa jamii ileile ya Bacillus. Matokeo yalitia moyo, lakini bado mkulima hawezi kwenda kuinunua kama anavyonunua mbolea. Kinachowezekana kwenu ni cha kizamani. Mbegu isiyopakwa dawa ifungwe kwenye kitambaa chepesi, ichovywe kwenye maji ya nyuzi 50 kwa dakika 25, ipozwe kwenye maji baridi na kuanikwa kivulini. Kipimajoto ni lazima: maji yakizidi moto unaua mbegu, yakipungua unawaogesha bakteria. Mbegu iliyopakwa rangi usiifanyie hivyo. Dawa itaoshwa yote. Kitalu kiwe mahali pasipowahi kuota kabichi, sukuma, chainizi wala loshuu. Masalia yote yafukiwe au yatolewe shambani. Na kipande kilichooza msimu uliopita kipumzishwe miaka miwili kwa maharage, vitunguu au karoti. Najua hili la mwisho linauma, kwa sababu eneo ni dogo. Lakini kurudisha kabichi palepale ni kulipia mbegu ya chotara ili kuwalisha bakteria.

Nimesema kitalu kisiwe mahali pa loshuu. Kwa hiyo tuta la mama mkwe halifai kwa kazi anayoitaka mumeo, na hiyo peke yake inatosha kulinusuru. Lakini iko sababu kubwa zaidi, na hii ndiyo ningependa imfikie kila anayeiona loshuu kuwa mboga ya wazee.

Mwaka 1935 mwanasayansi mwenye asili ya Korea aliyefanya kazi Japani, Woo Jang-choon, alieleza undugu wa mimea hii. Kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni ukoo mmoja, wenye kromosomu 18. Haradali nyeusi, ile yenye mbegu kali, ina 16. Zamani sana, bila maabara na bila mtu kupanga, mimea ya koo hizo mbili ilikutana, na mtoto wao akabeba zote, 34. Mtoto huyo ndiye loshuu, ambaye vitabu vinamwita haradali ya Kihabeshi kwa kuwa kwao ni nyanda za juu za Ethiopia. Mama mkwe wako, akichuma majani jioni nyuma ya jiko, anachuma mmea ambao nusu yake ni kabichi.

Na nusu ile nyingine ndiyo wanayoitafuta wataalamu. Kabichi ya kawaida ni maskini wa kinga dhidi ya uozo mweusi. Katika jamii ya loshuu kinga hiyo imeonekana, na ya nguvu. Shida ni kwamba ukiipandisha kabichi na loshuu, mimba huharibika: kijusi cha mbegu kinakufa kabla hakijakomaa. Huko Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wazalishaji walikitoa kijusi mapema, wakakilea kwenye chupa yenye virutubisho hadi kikawa mche, na mwaka 2004 wakachapisha kwamba wamepata machotara ya kabichi na loshuu yenye kustahimili uozo mweusi. Hakuna jeni iliyopandikizwa. Ni uzazi uliosaidiwa. Hiyo nayo ni bioteknolojia, na malighafi yake ilikuwa ndugu wa mmea ambao nyumba yenu inataka kuung'oa ili kupanda kabichi inayokufa kwa ugonjwa huohuo.

Wengine wanautafuta mlango mwingine. Mwaka 2023 kampuni ya Pairwise ya Marekani ilitoa sokoni majani ya haradali ambayo jeni zake zimehaririwa: walizima kimeng'enya kinachotoa ule ukali puani jani likitafunwa, ili watu wayale mabichi kwenye kachumbari. Sijui mama mkwe angesemaje. Kwa wengi wetu Meru, loshuu isiyo na ukali imepoteza sababu ya kuitwa loshuu.

Kuna tofauti nyingine ya kukutia moyo. Loshuu, kinyume cha kabichi, haikatai chavua yake. Sehemu kubwa ya maua hujichavusha yenyewe. Haihitaji baridi kali ili itoe maua. Ndiyo maana mbegu anazozihifadhi mama kila mwaka zinarudi zilezile, au karibu zilezile, na kwa kuwa miaka yote amekuwa akiacha mimea mizuri izae, amekuwa akiiboresha kulingana na udongo na maji ya Momela. Hakuna pakiti dukani yenye sifa hiyo. Muombe akuonyeshe anavyochagua mimea ya mbegu, anavyojua maganda yamekauka vya kutosha na anakozitunza. Uliza kama mkamwana anayetaka kufundishwa, si kama mkulima wa kabichi anayetaka kiwanja. Akifurahi, mwombeni kiasi kidogo mkipeleke Duluti, ambako mbegu za mboga za asili hukusanywa na kuhifadhiwa, au kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Tengeru. Mnavu wa Nduruma na Olevolosi mnaouona sokoni ulipewa majina ya vijiji vya huku kwetu baada ya kupita kwenye mikono ya watafiti hao. Na kama mtapenda kuuza mbegu ya loshuu kwa majirani, fuateni utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, ambapo TOSCI hukagua shamba la kikundi cha wakulima kisha wakaruhusiwa kuuza katika eneo lao. Kuuza mbegu bila hilo ni kosa.

Namna ya kulisema nyumbani. Usibishane na shemeji mbele ya baba mkwe. Hata ukishinda utakuwa umeshindwa. Mumeo achukue pakiti, akae na baba, amsomee kilichoandikwa: aina, namba ya fungu, tarehe, asilimia ya uotaji, ugonjwa inaoustahimili. Pakiti isiyosema inastahimili nini haistahili bei ya juu. Shemeji mpeni kazi ya kutafuta kipimajoto na kuhesabu viwavi kwenye miche michache kila Jumamosi kabla bomba halijaguswa. Mtu anayependa ushahidi apewe mahali pa kuutafuta. Na lile la kung'oa loshuu lisifike masikioni mwa mama kabisa. Mwambie mumeo limekwisha.

Uamuzi wangu ni huu. Msimu huu pandeni chotara kwenye robo tu ya eneo lenu, mahali ambapo kabichi haikuoza, na aina ya kawaida pembeni yake kwa kulinganisha. Sehemu iliyobaki iende maharage na vitunguu. Acheni kuchanganya dawa kuanzia leo. Nunueni Bt iliyosajiliwa na muipige jioni mnapoviona viwavi, si kwa kuangalia kalenda. Kitalu kiwekwe mbali na jiko, na tuta la loshuu libaki mikononi mwa mwenyewe.

Bibi Shamba